Mtoto Tuliyempika kwa Usaili

Mdogo wangu alifika nyumbani kwangu Jumapili moja ya Septemba 2019, saa nane mchana, mkono mmoja amemshika mwanawe wa miaka mitano, mkono wa pili ana bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu ya maombi aliyoinunua kwa shilingi elfu thelathini. Hata kitini hakukaa vizuri. "Dada," akaniambia, "wewe ndiye unayewajua hawa watu. Nipikie huyu mtoto. Usaili ni Oktoba, wiki ya pili."

Alijua anamwendea nani. Nimekuwa mwalimu kwa miaka ishirini na tisa. Ishirini na mmoja ya mwanzo nilifundisha shule za serikali, Lindi kisha Temeke. Minane ya mwisho nilikuwa shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza hapa Dar es Salaam, na huko kila Oktoba nilikuwa miongoni mwa walimu wanaokaa mezani kuwasaili watoto wanaotaka kuingia darasa la kwanza. Shule aliyoitaka mdogo wangu haikuwa yangu, lakini meza hizo zinafanana na maswali yake nilikuwa nayo kichwani. Ningeweza kukataa. Sikukataa. Ninayasimulia yaliyofuata kwa ruhusa yake na ya wifi yangu, maana kila Septemba wazazi hunijia na bahasha kama ile, na nimechoka kuwapa nusu ya habari.

Kwa wiki tano mtoto aliletwa kwangu kila jioni. Nilimfundisha kutaja jina lake, umri wake, jina la baba na la mama, rangi za matunda, siku za juma, sehemu za mwili, kuhesabu mpaka mia moja, kuandika herufi zote bila kugeuza b ikawa d. Yote kwa Kiingereza. Nilimfundisha na namna ya kuingia: abishe hodi, asimame, asalimie, asikae mpaka aambiwe. Alikuwa mtoto mwepesi. Kimara nzima alizijua daladala kwa mlio wa honi zao, na alikuwa na hadithi ndefu ya kuku wa jirani aliyekuwa anataga juu ya kabati, hadithi ambayo kila alipoisimulia ilirefuka. Nilikuwa namkatisha. Hadithi ya kuku haikuwa na swali mezani.

Jioni ya mwisho kabla ya usaili nilitaka kumpima, nikayachanganya maswali. Nikamwonyesha picha ya ndizi nikamwuliza ina rangi gani. Akanijibu kwa Kiingereza safi, kifua mbele, kwamba ina miaka mitano. Nikamwuliza yeye ana miaka mingapi. Akasema njano.

Pale pale nilielewa kwamba mtoto huyu hajui neno hata moja analolisema. Anayajua majibu kwa zamu zake tu, moja, mbili, tatu. Mwalimu wa miaka ishirini na tisa hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Nami nilichofanya ni kuyarudisha maswali kwenye mpangilio wake na kumrudia mara tatu mpaka akakaa sawa, kwa sababu nilijua mezani mpangilio haubadiliki. Wasaili wana watoto mia mbili wa kuwapitia asubuhi moja. Hakuna mwenye nafasi ya kuchanganya.

Kulikuwa na jambo jingine. Shule ile haikupokea mtoto ambaye hajatimiza miaka sita ifikapo Januari, na mwanetu alizaliwa Julai 2014. Cheti chake cha kuzaliwa cha RITA kilikuwa kabatini, kimewekewa plastiki. Mdogo wangu akakiacha hapo hapo, akaenda kwa wakili akaapa kwamba cheti kimepotea na kwamba mtoto alizaliwa Julai 2013. Hati ya kiapo ilimgharimu shilingi elfu ishirini. Nilipomwuliza kwa nini asisubiri mwaka mmoja tu, alinijibu, "Dada, maji tumeshayavulia nguo." Wakati huo mwaka mmoja ulionekana kama maisha yote.

Jina la mtoto lilitoka la thelathini na saba katika orodha ya watoto arobaini iliyobandikwa getini. Wifi alipiga picha orodha ile akaituma kwa ukoo mzima. Kule kwetu Lindi mama alichinja jogoo.

Sitaki mtu anayesoma haya adhani kwamba mdogo wangu na mkewe walikuwa watu wa majivuno. Hofu yao ilikuwa na miguu. Ada ya shule za msingi za serikali ilikuwa imefutwa tangu mwaka 2001, lakini michango ilibaki, na ilipofutwa nayo Januari 2016 watoto walifurika. Mwenzangu niliyemwacha Temeke alinipigia simu mwezi ule akaniambia ana watoto zaidi ya mia na sitini katika chumba kimoja cha darasa la kwanza, wengine wamekaa chini, wengine dirishani. Mzazi anayemtazama mwanawe wa pekee kisha akalitazama darasa lile, ana haki ya kuogopa. Tena kuna suala la lugha. Shule zetu za msingi za serikali, isipokuwa chache, zinafundisha kwa Kiswahili. Sekondari zote zinafundisha kwa Kiingereza. Mtoto anavuka daraja hilo akiwa na miaka kumi na tatu au kumi na minne, na wengi wanaanguka. Mzazi anayetaka kulijenga daraja mapema si mjinga.

Kisha kulikuwa na orodha. Miaka ile Baraza la Mitihani lilikuwa bado linatangaza shule kumi bora kila matokeo yanapotoka, na siku hiyo ofisini kwa mdogo wangu kazi ilisimama, watu wanatafuta shule za watoto wao kwenye simu. Utaratibu huo Baraza liliuacha Januari 2023, likieleza kwamba watahiniwa hawasomi katika mazingira sawa. Nilifurahi. Lakini shule nyingi zimejitengenezea orodha zao wenyewe: mabango makubwa barabarani yenye picha za watoto na herufi A pembeni ya kila jina. Nitarudi kwenye hayo mabango, kwa kuwa nimefanya kazi nyuma ya mojawapo.

Masomo yalianza Januari 2020. Shule iko upande mwingine wa jiji, njia ya Bagamoyo, na wao wanaishi Kimara. Basi la shule lilipita kituoni saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri, kwa sababu lilikuwa na mzunguko mrefu wa kuokota watoto, na pale Ubungo daraja la juu, ambalo sasa linaitwa Kijazi, lilikuwa bado linajengwa. Lilizinduliwa Februari 2021. Mtoto aliamshwa saa kumi na robo. Wiki ya tatu wifi akaona hawezi kumwamsha, akaanza kumvalisha sare usiku, akawa analala nayo, alfajiri anabebwa mpaka kwenye basi akiwa usingizini. Chai alikunywa kwenye foleni. Masomo yaliisha saa tisa, yakafuata ya ziada ambayo ni ya lazima na yana malipo yake, kisha basi likazunguka tena. Alishuka Kimara saa kumi na mbili na nusu jioni, jua limekwishazama au linazama. Mtoto wa miaka mitano na nusu alikuwa nje ya nyumba yao karibu saa kumi na nne kila siku, na bado mkobani ana kurasa tano za kazi ya nyumbani.

Wifi aliwahi kufikiria bweni ili kumpunguzia safari. Mwaka ule bado ilikuwa inaruhusiwa. Waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne ulikuja mwaka 2023. Nashukuru fedha hazikutosha.

Darasani palikuwa na sheria: Kiswahili marufuku. Aliyesikika akikisema alivalishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake, amvalishe yeye. Nimeviona vibao hivi katika shule zaidi ya moja, na nasema bila kuuma maneno kwamba ni uonevu kwa mtoto na ni dharau kwa lugha ya mama yake. Vinamfundisha mtoto kuwa mpelelezi wa wenzake. Mwanetu hakuwa mpelelezi. Yeye alipata njia yake: alinyamaza. Akiulizwa jambo lililokuwamo katika yale niliyomkaririsha, alijibu. Akiulizwa jingine, aliangalia meza. Mwezi wa pili alirudi nyumbani na suruali ya kuazimwa. Alikuwa amejikojolea darasani. Mwalimu wake, binti mpole aliyekuwa na mzigo wake, aliandika kwenye kitabu cha mawasiliano kwamba mtoto hakuomba ruhusa. Niliposoma maneno yale nilikaa chini. Nilimfundisha yule mtoto majibu arobaini kwa Kiingereza. Kuomba kwenda msalani sikumfundisha.

Ukimya ule ukamfuata mpaka nyumbani. Hadithi ya kuku ikaisha. Daladala zikapita zikipiga honi, asiseme hiyo ni ya Mbezi, hiyo ni ya Posta. Wazazi wake walidhani ametulia, kwamba shule imempa adabu. Mama mmoja wa jirani aliwasifu.

Ninapofika hapa hukumbuka kitu ambacho walimu wa darasa la kwanza tunakijua na wazazi hawaambiwi. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto anayekisema, ukimpa silabi zake kwa mpango, ba be bi bo bu, anaweza kuanza kusoma maneno katika muda wa miezi michache, maana kila anapounganisha sauti anakutana na neno analolifahamu. Ndiyo sababu mtaala wa mwaka 2015 uliweka nguvu za darasa la kwanza na la pili kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kiingereza hakina huruma hiyo. Herufi zile zile hutamkwa hivi hapa na vile pale. Mtoto anayekutana na kusoma kwa mara ya kwanza kupitia lugha asiyoielewa anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, na asipopata mwalimu anayejua hivyo, hukariri umbo la ukurasa. Mwanetu alikuwa anasoma kitabu chote cha darasa la kwanza bila kukosea, na ukimfunulia ukurasa wa sita akiwa amezoea kuanzia wa kwanza, haoni kitu.

Fedha nazo. Mshahara wa mdogo wangu, mtunza stoo katika hoteli ya kitalii, ulikuwa laki nane na nusu kwa mwezi. Ada ilikuwa milioni tatu na laki mbili kwa mwaka, kwa awamu nne. Basi laki tisa. Sare, sweta, truksuti, vitabu na rimu za karatasi, laki sita. Milioni nne na laki saba kwa mtoto mmoja, karibu nusu ya yote anayoyapata baba yake kwa mwaka. Walipiga hesabu kwa mwaka mzuri: mshahara unaingia, wifi na cherehani zake mbili anashona sare na magauni ya harusi, hakuna anayeumwa. Hesabu ilifika ukingoni, ikasimama.

Tarehe 17 Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa ajili ya korona. Aprili ndege za watalii zikakoma na hoteli ikakata mishahara nusu. Harusi zikaahirishwa, cherehani zikanyamaza. Shule ikatuma kazi kwa simu na ikadai awamu ya pili. Shule za msingi zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, wifi alikuwa amekopa laki sita katika mikopo ile inayoitwa kausha damu, mume wake hajui, anarejesha elfu kumi na mbili kila siku kwa siku sitini na tano. Alirejesha siku arobaini na moja. Siku ya arobaini na nne vijana walikuja wakabeba cherehani moja mbele ya wateja.

Wangeweza kumhamisha mtoto wakati ule. Niliwaambia. Lakini orodha ya getini ilikuwa imeshatumwa kwa ukoo mzima, na jogoo alishachinjwa. Ukishatangaza furaha namna ile, kurudi nyuma kunakuwa kama kutangaza msiba. Nimeona wazazi wengi wakikaa katika shule wasiyoiweza kwa sababu hiyo tu.

Asubuhi moja ya Mei 2021 basi lilikuja kama kawaida. Dada wa basi alikuwa na karatasi ya majina ya waliolipa. Akaisoma kwa tochi, akamwambia mtoto jina lake halimo, basi likaondoka. Mama yake alikuwa ameshageuka kurudi nyumbani kwa kuwa dukani kulikuwa na kazi ya kumaliza. Mtoto wa miaka sita alisimama peke yake kituoni gizani, mkoba mgongoni, mpaka mwendesha bodaboda anayemfahamu baba yake alipompandisha na kumrudisha. Hakulia. Alipofika mlangoni alisimama akasubiri aambiwe akae.

Waliikamilisha ile awamu, nusu kwa michango yetu ndugu. Desemba, mwisho wa darasa la pili, ripoti ilikuja: wastani wake sitini na mmoja, wastani wa shule sabini na tano. Barua ilisema mzazi "anashauriwa" kumkaririsha mtoto darasa au kumtafutia shule "itakayomfaa zaidi". Wizara imekwishapiga marufuku shule kuwakaririsha watoto au kuwaondoa kwa sababu hawakufikia wastani wa shule. Ndiyo maana barua hizi hazitumii neno kufukuza. Zinashauri.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye mabango.

Januari 2013, katika shule niliyofundisha mimi, tulipokea watoto arobaini na wawili wa darasa la kwanza, waliochujwa kutoka fomu zaidi ya mia mbili na sitini. Mwaka 2019 darasa hilo lilifanya mtihani wa darasa la saba. Watoto wote walipata A, na bango likapandishwa barabarani likiwa na picha zao na maneno "asilimia mia". Mimi niliyewapokea nilikwenda kuliangalia. Kati ya arobaini na wawili wangu, bangoni nilihesabu kumi na tisa. Waliobaki katika picha waliingia darasa la tano kwa usaili mwingine, wametoka shule nyingine wakiwa tayari wanafaulu. Na ishirini na watatu waliokosekana? Wachache wazazi wao walihama. Waliobaki walishauriwa, mmoja mmoja, Desemba hadi Desemba. Baadhi ya barua zile nilizisaini mimi kama mwalimu wa darasa.

Kupepeta mchele si kulima mpunga. Shule inayochagua watoto wanaojua tayari, kisha kila mwaka ikatoa wanaochelewa, itakuwa na matokeo mazuri hata kama walimu wake hawajui kazi. Huenda wanaijua pia. Wapo mahodari, nimefanya nao kazi. Ila bango haliwezi kukuonyesha hilo. Linakuonyesha ungo. Usaili wa mtoto wa miaka mitano nao haumpimi mtoto. Unapima kama nyumbani kuna mtu wa kumpika, na kama mzazi ana fedha za kuendelea kulipa wapishi. Mwanetu aliingia kwa kuwa ana shangazi mwalimu. Alitoka kwa kuwa shangazi hakuweza kuingia naye darasani.

Januari 2022 alipelekwa shule ya serikali, kayumba, kama wanavyoziita kwa kuzibeza, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Hata huko hakuingia kirahisi. Uhamisho unataka namba ya mwanafunzi iliyo katika mfumo wa PREM, na shule ya zamani ilikataa kuuachia mpaka deni lililobaki, laki tisa, lilipwe. Mwalimu mkuu wa serikali, Mungu amlinde, alimwacha akae darasani huku wazazi wakihangaika. Deni lililipwa Machi, kwa kuuza kiwanja cha Kibaha walichokinunua mwaka 2015, na kwa bei ya mtu mwenye shida.

Darasani walikuwa tisini na wanne. Madawati hayakutosha, choo kilikuwa kimoja kwa watoto wengi mno, na siku za mvua ua uligeuka dimbwi. Sitayapamba. Walimrudisha darasa la pili, na huko akakutana na umri wake halisi kwa mara ya kwanza. Mwalimu wake alimketisha mbele kabisa, pembeni ya meza yake, akamwambia hapa ukitaka kusema, sema. Jioni nilikuwa naye barazani kwangu, safari hii bila picha ya ndizi. Tulianza na silabi. Miezi mitatu nilikuwa mwalimu wa ba be bi bo bu kwa mtoto aliyekuwa ameshakaa miaka miwili kwenye shule ya milioni nne.

Siku moja ya Aprili tulikuwa tumesimama kituoni, akaitazama daladala iliyokuwa inapakia, akasoma maandishi ya kiooni, polepole, kidole hewani: Ma-ku-mbu-sho. Makumbusho. Halafu akanigeukia akasema, "Shangazi, hii ndiyo ile yenye honi ya mbuzi." Nilikuwa sijamsikia akianza mazungumzo mwenyewe kwa miaka miwili. Konda alituita tupande, sikuweza kumjibu.

Mwaka 2024 alifanya upimaji wa taifa wa darasa la nne, akapata B. Kiingereza chake bado kina woga. Namfundisha mara tatu kwa wiki, na kila somo huanza na yeye kuniuliza mimi maswali. Yamebaki mambo mawili ambayo hayajapona. Moja ni ile tarehe. Cheti cha RITA kinasema 2014, kumbukumbu za shule zinasema 2013 kwa sababu ya kiapo, na lazima zipatanishwe kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba, la sivyo tofauti hiyo itamfuata kwenye vyeti vyote vitakavyokuja. Mdogo wangu amekwenda ofisi nne. Wapo wazazi wengi wanaoongeza miaka ya watoto kwa namna hii wakidhani wanakwepa foleni. Wanamwandikia mtoto kesi ambayo ataisikiliza mwenyewe akiwa mtu mzima. Jambo la pili ni kwamba mtoto hapendi kuamshwa. Ukimgusa bega alfajiri, anakaa wima na kuanza kuhesabu kwa Kiingereza.

Wewe unayeshika bahasha mwaka huu, sikuambii upeleke mwanao serikali wala binafsi. Zipo shule binafsi nzuri na zipo za serikali ambazo nisingempeleka mbuzi. Ninachokuomba ni uende kwa miguu yako. Kabla hujalipia fomu, amka saa kumi alfajiri upite njia ya basi lile mwanzo hadi mwisho siku ya kazi, mvua ikiwezekana. Kaa getini saa tisa alasiri uwaangalie watoto wa darasa la pili wanavyotoka, kama wanazungumza. Omba kuona madaftari yao, hasa ya yule anayeshika mkia, uone kama mwalimu anaandika neno lolote chini ya makosa au ni mkasi tu mwekundu. Piga hesabu ya ada kwa mwaka mbaya kuliko yote uliyowahi kuishi. Mwache mtoto aingie na umri aliopewa na Mungu.

Na ukifika ofisini, usiulize wangapi walipata A. Omba waeleze watoto walioingia darasa la kwanza walikuwa wangapi, na kati ya hao hao, wangapi walifika la saba. Miaka minane nilikaa kwenye meza ile, na hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kuniuliza.